Kurasa Mia na Kumi na Nane

Kabla ya saa mbili asubuhi Quinter alikuwa ameshamnyoosha shingo dereva mmoja wa lori, akamfutia ukuta wa kijani uliokuwa mgongoni mwake na kumwekea mweupe, kisha akampunguza uzito mara kumi. Si dereva mwenyewe, picha yake. Tovuti ya vibali vya safari ilikataa picha yoyote iliyozidi kilobaiti mia mbili, na simu ya dereva ilikuwa imepiga picha nzito kama gunia la simenti.

“Sasa huyu ni mimi au ni ndugu yangu?” dereva aliuliza, ameinamia kioo.

“Ni wewe. Ndugu yako hana masikio hayo.”

Dereva akacheka, akachukua karatasi zake na kurudi kwenye lori lililokuwa likinguruma kando ya barabara ya Nimule. Vumbi lake likaingia kibandani. Quinter akaifunika laptopu kwa leso, akangoja litue.

Kibanda chake kilikuwa Gumbo, ng'ambo ya daraja, mabati juu na mabati pembeni, na mbele kibao alichokiandika kwa mkono wake: PICHA. PRINTI. FOTOKOPI. PDF. Neno la mwisho aliliongeza mwaka uliopita, alipogundua kwamba Juba nzima imeshikwa na ugonjwa wa PDF. Shirika likitangaza kazi ya kufagia, linataka vyeti kwa PDF. Shule ikitafuta mlinzi, PDF. Watu walikuwa na vyeti vyao kwenye simu, vimepigwa picha juu ya magoti, juu ya vitanda, juu ya nyasi, na hawakujua picha hizo zinageukaje kuwa hicho kinachotakiwa. Quinter alijua. Alikuwa karani wa hoteli moja ya Hai Amarat kwa miaka minne, mpaka mwenye hoteli alipofunga mlango na kuondoka bila kwaheri. Alichobaki nacho ni ujuzi huo, pamoja na laptopu ya inchi kumi na moja aliyouziwa na Mkenya mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani. Ilikuwa nyepesi hivi kwamba akiitia mkobani hufungua tena kuhakikisha kama kweli imo. Na wepesi huo ulifika hadi ubongoni: ukiipa kazi mbili kwa mpigo, ilizubaa kama mtu aliyeulizwa swali kanisani.

Alipoinua macho akamwona mwanamke kwenye benchi la nje. Alikuwa hapo tangu kufuli linafunguliwa, wala hakuwa ametamka neno. Mtu wa makamo, mrefu, amejifunga shuka bega moja, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi kamba za kandambili zimezama kwenye nyama.

“Wewe ndio wa PDF?”

“Ndiyo mimi, mama. Ingia, huko jua litakukuta.”

Mwanamke akaingia, akakaa kwa uangalifu kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Aliitwa Nyamuoch. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya Kakuma, alikokaa miaka kumi na miwili na kusomea ukunga.

“Mimi ni Quinter,” Quinter alisema. “Kwetu Wajaluo msichana wa mtu ni *nyar*.”

“Kwetu Wanuer ni *nya*.”

“Basi sisi tumetengana tu njiani.”

Nyamuoch akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akafungua fundo la shuka, akatoa simu iliyopasuka kioo na karatasi iliyokunjwa mara nne. “Niko na kitabu ndani ya simu. Nataka kitoke kiwe kitu moja.”

Quinter akaisoma karatasi. Lilikuwa tangazo la ofisi ya kusajili vizazi. Watoto wa maeneo yaliyofunikwa na mafuriko wangepewa vyeti vya kuzaliwa, mradi uletwe ushahidi kutoka zahanati walikozaliwa. Ushahidi uwe faili moja la PDF, lisizidi megabaiti tano, na mhusika afike mwenyewe. Mwisho wa kupokea: Ijumaa, saa nane mchana.

“Mama, Ijumaa ni leo.”

“Najua. Tangazo lilitufikia likiwa limechelewa. Nimekuwa njiani siku tisa. Mtumbwi, halafu boti, halafu lori.”

“Hukuweza kutuma kwa simu?”

“Network mafi. Huko kwetu mtandao hakuna, kuna maji.” Aliisukuma simu mbele. “Mwalimu anasema mtoto bila cheti hatafanya mtihani wa darasa la nane. Wangu wa kwanza wamefika darasa la sita.”

“Wako ni wangapi?”

“Mia nane na kumi na mbili.”

Quinter alidhani amesikia vibaya. Akachomeka waya wa simu kwenye laptopu. Tundu la simu lilikuwa limelegea, ikabidi Nyamuoch aushike waya kwa vidole viwili, ameuinamisha kidogo, asipumue kwa nguvu. Picha zikaanza kuingia moja moja. Zilikuwa mia na kumi na nane.

Zilikuwa kurasa za daftari kubwa la zahanati, zimepigwa mistari kwa rula. Nambari, tarehe, saa, jina la mama, jinsia, uzito, maelezo. Mwandiko ulikuwa mdogo, umesimama wima kama watu waliopangwa mstari. Na kwenye kila picha, pembeni chini, palikuwa na kidole gumba kimeubana ukurasa usipeperuke. Kidole kilekile, ukucha umepasuka katikati. Quinter akatazama mkono ulioshika waya. Ndicho hicho.

“Ulipiga zote wewe mwenyewe?”

“Siku tuta la udongo la kuzuia maji lilipovunjika. Maji yalianza kuingia zahanati saa tatu asubuhi. Simu ilikuwa na chaji asilimia arobaini. Nikajiambia, nikibeba dawa, dawa zitaisha. Nikapiga kitabu kwanza. Kitabu chenyewe nikakitia sandukuni; watoto wa siku zilizofuata nikawaandika, kurasa zao nikazipiga picha vilevile, kisha sanduku likaingia kwenye mtumbwi. Mtumbwi ukapinduka.” Aliuweka waya sawa. “Sanduku lilikuwa la chuma.”

Quinter alizipanga picha, akazigeuza zilizolala ubavu, akachagua zote na kubonyeza. Laptopu ikafikiri. Ikafika picha ya thelathini na moja, ikaganda. Kishale kikageuka duara, duara likazunguka, likazunguka. Akangoja dakika kumi, akaizima kwa nguvu, akaiwasha. Betri ikawa imeshuka hadi thelathini na nane.

Akatoa kichwa nje. “Gaetano! Jenereta vipi?”

Gaetano alikuwa Mganda wa kibanda cha pili, kinyozi na mchajishaji wa simu. Alijitokeza na kitana sikioni. “Dada, leo mimi iko na petroli ya saa mbili tu. Jana bei ilipanda, leo imepanda juu ya ile ya jana. Mimi nangoja wateja wajae kwanza, ndiyo nawasha.”

“Washa sasa hivi. Kuna mama ana watoto mia nane.”

Gaetano akachungulia ndani, akamwona Nyamuoch na waya wake. Hakuuliza. Akaenda nyuma, na muda si mrefu jenereta likakohoa, likashika.

Quinter akaamua kuikata kazi vipande. Picha ishirini, faili. Ishirini nyingine, faili. Mwisho angeyaunganisha. Na kwa kuwa laptopu ilikuwa inajikongoja, kila ukurasa ukawa unasimama mbele yake kitambo kabla ya kuingia. Hakuwa na la kufanya ila kusoma.

Nambari 61, mvulana, kilo mbili na nusu. Mama ametembea siku mbili.

Nambari 214, msichana, kilo tatu. Risasi zinalia. Tumezalia chini ya kitanda.

Nambari 377 na 378, mapacha. Wa pili hakulia. Dakika ya tisa, amelia.

Quinter aliacha kugusa kipanya. Dakika ya tisa. Aliwaza mtu amesimama na kiumbe kimya mikononi, dakika ya tatu, ya tano, ya saba, hajakata tamaa, na baada ya yote hayo bado akakumbuka kutazama saa na kuandika. Yeye mwenyewe alikuwa amezaa Kisumu, hospitali yenye taa na madaktari wawili. Cheti cha mtoto wake kilikuwa kwenye kabati la mama yake, chini ya vitambaa vya meza, na hakukumbuka ni lini alikiangalia kwa mara ya mwisho.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na misalaba midogo mitatu pembeni. Akaelewa. Lakini hata mbele ya misalaba ile nafasi ya uzito haikuwa tupu. Kilo moja na nusu. Kilo mbili. Kilo tatu na robo.

“Mama,” aliuliza kwa sauti ya chini, “hata waliokufa uliwapima?”

Nyamuoch alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji hunywewa. “Walizaliwa. Aliyezaliwa anapimwa.”

Quinter akarudisha macho kwenye kioo. Kilichomjia si huzuni hasa, ni ile hofu njema inayomshika mtu akisimama chini ya kitu kikubwa. Akaendelea na kazi, ila sasa mikono yake ilikuwa inagusa vitufe kama mtu anayegeuza kurasa zenyewe.

Kurasa tatu za mwisho zilikuwa zimelowa, wino umetawanyika. Nambari 809, mtumbwini. Nambari 811, juu ya paa la shule. Nambari 812, msichana, mizani imechukuliwa na maji, nimekadiria kwa mikono, kilo tatu.

Saa tano na nusu vipande vyote vikaunganishwa. Faili moja, kurasa mia na kumi na nane. Quinter akaangalia ukubwa wake: megabaiti arobaini na sita.

“Wanataka tano,” alisema.

“Ondoa nini?”

“Naweza kushusha ubora.” Akashusha. Ikawa megabaiti nne, lakini alipofungua ukurasa wa kwanza herufi zilikuwa zimegeuka ukungu. Mama hasomeki, mtoto hasomeki. “Au tuache baadhi ya kurasa. Zile zenye...” Hakumaliza.

“Hakuna wa kuacha,” Nyamuoch alisema. Hakupandisha sauti. Jambo hilo kwake halikuwa na mjadala.

Quinter akaegemea ukuta wa bati, joto likamchoma mgongo. Nje jenereta lilibadilisha mlio. Petroli ilikuwa inaishia. Akaziangalia zile picha tena. Zilikuwa na rangi ya chai, ya kahawia, ya maji, ya kivuli, ya kidole. Uzito wote ulikuwa kwenye rangi. Herufi zenyewe hazikuwa na uzito wowote.

Akaondoa rangi. Si kijivu, alizigeuza ziwe nyeusi na nyeupe tupu, kilicho wino kiwe wino, kisicho wino kiwe hewa. Laptopu ikajivuta ukurasa baada ya ukurasa, feni yake ikilia kama mbu. Alipofungua ukurasa wa kwanza alishika mdomo.

Madoa ya maji yalikuwa yametoweka. Kivuli kimetoweka. Karatasi ilikuwa nyeupe kama imetoka dukani, na juu yake mwandiko ule mdogo umesimama mweusi, kila jina na kila robo ya kilo. Hata kwenye zile kurasa zilizolowa, maneno ambayo jicho halikuyaona kwenye picha yalikuwa yameibuka kutoka ndani ya doa. Kidole gumba tu ndicho kilibaki, kimegeuka alama nyeusi pembeni, kama muhuri.

“Mama, njoo uone.”

Nyamuoch aliacha waya, akaja, akainama. Alitazama muda mrefu. Akaweka kiganja karibu na kioo bila kukigusa.

“Hiki kilikuwa ndani ya maji,” alisema. “Miaka hii yote mimi nakiona ndani ya maji.”

Ukubwa: megabaiti nne nukta sita. Jenereta likazima.

Quinter alikuwa na wateja watatu wanangoja nje na Ijumaa ndiyo siku yake ya kupata pesa ya kupumua. Angeweza kulitia faili kwenye flashi na kumwonyesha mama boda boda. Lakini ofisini wakisema punguza tena, nani angempunguzia? Akalitia faili kwenye flashi, akaitia na laptopu mkobani, akafungua tena kuhakikisha imo, akafunga kibanda. Wateja wakanung'unika. Gaetano akawaita kwake wakakae. “Nyinyi kaa hapa, PDF haikimbii,” akawaambia.

Walivuka daraja kwa boda boda moja, Nyamuoch katikati, Quinter nyuma amekumbatia mkoba. Saa saba kasoro robo walikuwa ofisini.

Ujia ulikuwa umejaa wanawake. Wengi walikuwa wa huko huko kwenye maji, waliokuja Juba miaka tofauti na kuishi kambini au kwa ndugu. Walikaa sakafuni na mgongo ukutani, wengine na karatasi za kliniki zilizochanika, wengi mikono mitupu. Kila mlango ulipofunguka sauti ya ndani iliita “Anayefuata!”, mmoja akaingia, na punde akatoka vilevile alivyoingia.

Zamu yao ilifika saa saba na dakika ishirini. Karani aliitwa Aguer, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri na kola imeliwa na sabuni. Alisomea Eldoret, akafurahi kusikia Kiswahili. Wala hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe, kama wenzake wote wa jengo lile, alikuwa hajaona mshahara tangu mvua zianze.

Alilifungua faili, akashusha ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akaacha kushusha. “Hii ni kazi safi. Nani ametengeneza?”

“Mimi,” alisema Quinter.

“Safi sana. Lakini hiki ni kidole, siyo?” Akagusa alama nyeusi pembeni. “Basi hizi ni picha za simu. Waraka mpya uliingia Jumanne. Picha za simu hatuchukui tena. Tunataka kitabu chenyewe kiskaniwe.”

“Tangazo halikusema hivyo.”

“Tangazo lilitoka kabla ya Jumanne.”

“Kitabu kimezama,” Nyamuoch alisema.

“Pole, mama. Basi lete barua ya kaunti ithibitishe kwamba kitabu kimezama.”

“Ofisi ya kaunti imezama pia.”

Aguer akakuna shingo. “Sasa unaona shida yangu. Mimi nitajuaje haya majina hayakuandikwa jana?”

Nyamuoch hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, ingawa hakuwa amekaribishwa. “Fungua popote. Soma jina la mama.”

“Mama, muda...”

“Fungua.”

Aguer akamtazama Quinter, kisha akazungusha kipanya kama anayecheza bahati nasibu. “Haya. Nyaduoth Tut.”

“Alikuja na mkwe wake. Mvulana. Alitanguliza mguu. Nilimgeuza mpaka mikono ikafa ganzi. Sasa ako kambini, darasa la pili, anapenda mpira, ule mguu uliotangulia ndio anapigia.”

Aguer alisoma maelezo kwenye kioo. *Ametanguliza mguu.* Akazungusha tena, safari hii kwa mbali. “Nyabol Chuol.”

“Yupi? Nyabol alizaa kwangu mara tatu.”

“Mwaka elfu mbili na kumi na tisa.”

“Huyo ni msalaba. Kilo mbili.” Akavuta shuka begani. “Jina lake alipewa. Sikuandika jina kwa sababu kitabu hakina nafasi ya jina la mtoto. Lakini alipewa.”

Mlango ulikuwa wazi. Kule ujiani maongezi yalikuwa yamekatika, na wanawake wawili walikuwa wamesimama kizingitini. Quinter akamtazama Nyamuoch. Asubuhi alidhani amekuja na faili. Sasa alimwona vizuri aliyekuja naye. Mama huyu mwenye miguu iliyovimba ndiye aliyekuwa kitabu. Kile kilichozama kilikuwa nakala.

Aguer akasoma la tatu, polepole, sauti imeshapoteza mzaha. “Nyakuma Both.”

Nyamuoch alifumba macho. Feni ya dari ilizunguka bila kuleta upepo. Akayafumbua.

“Huyo simkumbuki,” alisema. “Ndiyo maana niliandika.”

Aguer aliondoa mkono kwenye kipanya na kuuweka juu ya meza, akauangalia. Alipozungumza alizungumza kwa adabu, kama mtu mbele ya mama yake.

“Mama, mimi nakuamini. Nakuapia, nakuamini. Lakini mimi siye ninayetoa cheti. Nikiingiza hii, mfumo unaniuliza: kitabu asili kipo, ndiyo au hapana. Nikiandika hapana, unaifuta. Nikiandika ndiyo, nimedanganya serikali, na hapa nina watoto wanne.” Akasukuma flashi taratibu hadi ukingo wa meza. “Njoo bukra. Pengine waraka utabadilika.”

“Kesho ni Jumamosi. Na mwisho ni leo.”

“Ndiyo,” alisema Aguer. “Malesh. Pole.”

Walitoka. Quinter alikuwa ameukumbatia mkoba kwa hasira. Alitaka kusema pole, neno likawa dogo mno mdomoni. Nyamuoch alikwenda hadi mwisho wa ujia, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu yake na kuiangalia.

Mwanamke mmoja akaondoka mlangoni akamfuata. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefifia. Alizungumza naye Kinuer, na Nyamuoch akamweleza Quinter baadaye walivyosemezana. Aliitwa Nyariek.

“Mimi nilizalia kwako,” alisema. “Mwaka ule ng'ombe walipokufa. Hutanikumbuka, nilikuwa napita tu, nakimbia. Leo wameniambia mwanangu hana ushahidi kwamba alizaliwa.”

Nyamuoch akamgeukia Quinter. “Fungua.”

Quinter akatoa laptopu, akaiweka kwenye mapaja. Betri, kuukuu kama ilivyo, ilikuwa imeshuka tena hadi asilimia kumi na tisa. Picha hazina akili ya kutafuta jina, ikabidi apekue ukurasa kwa ukurasa kama mtu na daftari. “Mwaka wa ng'ombe,” Nyamuoch alisema, “ni baada ya ukurasa wa sabini.” Sabini na moja. Sabini na mbili. Kwenye ukurasa wa sabini na nne, mstari wa nne, akamwona. Nyariek Wal. Msichana, kilo tatu na robo. Mama hana mtu. Amekaa siku tatu, ameondoka kwa miguu.

Nyariek hakujua kusoma. Alipiga goti sakafuni mbele ya kile kioo kidogo. “Mimi ni hapo?”

“Hapo,” Nyamuoch akamwonyesha.

“Na mtoto?”

“Hapa. Kilo tatu na robo.”

Nyariek aliweka kidole chini ya ile namba, kwa woga, kama inaweza kufutika. “Na robo,” alisema. “Sikujua kwamba alikuwa na robo.” Akacheka, na machozi yakamtoka palepale akicheka. “Mkubwa hivyo! Na mimi nilikuwa sijala siku nne.”

Akageuka, akawaambia wenzake kitu kwa sauti. Quinter hakuelewa maneno, lakini aliona yalivyopita ukutani, kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke, mpaka kwenye mlango wa ofisi. Mmoja akasimama, akakung'uta shuka. Kisha wa pili. Mzee mmoja wa kike akashikwa mkono na kuinuliwa. Hawakusukumana. Walikuja wakajipanga mbele ya benchi, mmoja nyuma ya mwingine, na ujia ukawa mweupe upande wa pili.

Quinter akapunguza mwanga wa kioo ili betri idumu. Akachomeka waya wa simu yake, akaanza kukata ukurasa wa sabini na nne peke yake, apate kumtumia Nyariek ukurasa wake.

“Anayefuata!” Aguer aliita kutoka ndani.

Hakuna aliyeingia.

“Anayefuata!” Kiti kikaburuzwa, na karani akatokeza kichwa. Aliutazama ujia wake mtupu, akatazama mstari ule mrefu uliompa mgongo. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika tano kufika nane. Hakuita tena. Akabaki pale amesimama, mkono kwenye kitasa.

Nyamuoch hakumwona. Alikuwa ameinamia mwanamke aliyefuata, sikio karibu na mdomo wake.

“Jina la mama?” aliuliza.